Siku Mzee Sawa Alipotamka Neno la Silabi Tatu

Sogeeni, enyi mlio karibu, nanyi mlio mbali tegeni masikio. Mwenye sufuria jikoni na apunguze moto, mwenye mtoto mgongoni na ambembeleze alale, maana habari niliyoileta si ya kusikilizwa nusunusu. Sisimulii vita vya wafalme wala miji iliyozingirwa ikaanguka. Hayo yana wasimulizi wake, na wamelipwa. Mimi nasimulia juu ya mtu mmoja mwenye magoti mabovu, aliyeketi mbele ya sahani ya wali na maharage siku ya Jumapili, akakusanya nguvu zote alizojaliwa tangu kuzaliwa, akatamka neno moja lenye silabi tatu. Ewe ulimi wangu, usiniteleze. Nawe pumzi, unitoshe mpaka mwisho.

Shujaa wetu alikuwa fundi wa lifti. Ujana wake wote na utu uzima wake wote ulipita ndani ya mashimo ya majengo marefu, akining'inia kwenye nyaya kama buibui mwenye bisibisi, ili wakubwa wapande maofisini mwao na kushuka bila kuchoka miguu. Jina alilopewa na wazazi wake lilikwisha kusahaulika. Kuanzia mkurugenzi hadi mfagiaji, wote walimwita Mzee Sawa, kwa kuwa neno hilo ndilo lililokuwa jibu lake kwa kila ombi lililopata kuelekezwa kwake chini ya jua.

Kinyozi alimwuliza, "Tupunguze kidogo tena?" naye akajibu sawa, akaulizwa tena, akajibu sawa, akatoka mle kichwa kinang'aa kama kigae cha bafuni. Mchuuzi alimsimamisha njiani akamuuzia kitabu cha kujifunzia gita, juzuu ya pili, ilhali hakuwa na juzuu ya kwanza wala gita. Alikuwa mweka hazina wa kamati ambazo hakujua zinahusu nini. Jirani aliyesafiri alimwachia kasuku "kwa wiki moja tu, mzee wangu," na kasuku yule akazeekea pale sebuleni, akajifunza kusema neno la mwenye nyumba kwa sauti ile ile ya kukwaruza, hata mke wa mwenye nyumba akawa hajui nani amemjibu.

Msidhani alikuwa mjinga. Alikuwa na ugonjwa mmoja, naye aliueleza mwenyewe kwa maneno machache: "Nikiona uso wa mtu unaanza kunyauka mbele yangu, basi. Nimekwisha."

Siku zikasonga, akastaafu. Kazini walimpa mkono, wakampa saa ya ukutani, wakampa na kiinua mgongo, yaani ile pesa ya mkupuo ambayo mtu huivujia jasho maisha yake yote na huipokea mara moja tu. Na hapo ndipo palipoinuka yule aliyekuwa ngome ya nyumba ile, mke wake, fundi cherehani wa mtaa mzima, Mama Mkasi, mtambua kiuno kwa jicho, mkata suruali bila chaki, ambaye vitambaa vilinyooka vyenyewe vikimwona anakuja.

Alimkalisha mumewe mbele ya meza yake ya kukatia, akatandaza shuka kuukuu.

"Tazama hapa, baba watoto. Hiki ndicho kiinua mgongo chako. Ni kipande, si jora. Jora tulikuwa nalo tulipokuwa vijana. Tukikosea, tunafumua, tunakata kingine. Sasa tumebaki na hiki. Nikikosea hapa, utavaa suruali ya mguu mmoja mpaka kufa kwako. Umeelewa?"

"Sawa," alisema Mzee Sawa.

Mkasi ukalia, kra!

"Hiki cha ada ya binti mdogo, chuo cha uuguzi. Hakingoji." Kra! "Hiki cha bati, na kumalizia kile chumba cha uani tukipangishe, kila mwezi kiingie kitu, maana mshahara ndio umeshatuaga." Kra! "Hiki kikubwa kinakwenda benki, akaunti ya muda maalumu. Hakiguswi. Tunakula faida yake tu, kama mtu afugaye kuku kwa ajili ya mayai. Na hiki kidogo kinakaa karibu, ni cha magoti yako."

Mzee Sawa alivitazama vile vipande, akauliza kwa sauti ya chini, "Na kaka yako?"

Mkasi ukasimama hewani.

"Kaka yangu hana kipande hapa."

Ole, wasikilizaji wangu! Kwani huyo kaka mtu, mkubwa wa Mama Mkasi kuzaliwa, ndiye aliyekuwa tufani ya nyumba ile. Mtaani walimwita Fursa, kwa sababu hakumaliza sentensi bila kulitaja neno hilo. Alikuwa mrefu, mwenye suti moja ya kijivu na maneno ya rangi zote. Aliwahi kufuga nyuki, wakamfukuza. Aliwahi kununua mashine ya kutotolesha vifaranga, ikachemsha mayai. Miaka michache nyuma alikuja na fursa ya uyoga, shemeji yake akasema sawa, na akiba yote ya kubadilisha bati ikaingia humo isitoke. Uyoga pekee uliopata kuota ni ule ulioota ukutani, chumbani kwa binti mdogo, kwa sababu ya bati linalovuja.

Na sasa alikuwa ametuma salamu: Jumapili angekuja kula chakula cha mchana, naye hangekuja mikono mitupu.

Basi wiki nzima ikawa wiki ya mazoezi. Mama Mkasi alivaa koti kubwa la mteja mmoja, akajifanya kaka yake, akasimama mlangoni akiwa amenyoosha mikono.

"Shemeji! Nina fursa!"

Mzee Sawa akavuta pumzi, mishipa ya shingo ikamtoka. "Ha..." alisema. "Ha... ha..."

"Endelea!" alisema mkewe.

"Ha... haya."

Mama Mkasi alivua koti akalitupa kitini. "Haya? Nimekuomba hapana, wewe unanipa haya?"

"Yanaanza pamoja, mke wangu. Nikishafika njia panda, mguu unakwenda wenyewe kule nilikozoea."

Walirudia mpaka chai ikapoa. Alifaulu mara moja, lakini alikuwa amefumba macho na kuelekea ukutani. Mwishowe binti mdogo, aliyekuwa akikunja nguo za wateja kando, akasema kwa upole, bila kumlaumu mtu, "Baba, usijitese. Nikikosa chuo nitakaa na mama kwenye cherehani. Si vibaya."

Alisema hivyo kisha akaendelea kukunja. Mzee Sawa alimtazama mikono. Ilikuwa mikono ya mtu aliyekwisha kujizoeza kukosa. Hakusema sawa. Ilikuwa mara ya kwanza watu wa nyumba ile kumsikia akinyamaza.

Ikapambazuka Jumapili ya mapambano. Meza ikatandikwa: wali, maharage, na bakuli kubwa la kabichi mbichi iliyokatwa nyembamba kwa mkono wa yule asiyekosea. Binti mkubwa alikuja na mtoto wake mchanga amelala begani, pamoja na mumewe, mwoka mikate, kijana mpole mwenye unga kwenye kope hata siku ya mapumziko. Huyu mkwe, tangu alipoketi, alikuwa akikohoa kikohozi cha mtu mwenye hotuba, na kila alipokohoa mkewe alimkanyaga mguu.

Ndipo mlango ukafunguka, na Fursa akaingia akiwa amekumbatia kopo la biskuti.

"Wapenzi wangu!" alinguruma. "Acheni kula kidogo, mtakula vizuri zaidi mkishanisikia! Shemeji, watu wanakudanganya kwamba utajiri uko chini ya ardhi. Si kweli. Utajiri uko juu ya ardhi, na unatambaa!"

Akafungua kopo, akatia mkono, akaweka konokono katikati ya meza.

Alikuwa konokono mkubwa, mwenye gamba la kahawia. Alitoa pembe moja, akatoa ya pili, akalitazama jeshi lililojipanga safu pande zote, kisha akaiona kabichi. Akaanza safari. Kama kifaru cha vita kivukacho uwanda mpana, polepole, bila hofu, bila haraka, akiacha nyuma yake barabara inayong'aa, ndivyo alivyosonga mnyama yule kupita mbele ya chumvi.

"Kaka," alisema Mama Mkasi, "mtoe huyo mezani kwangu."

"Mwache ajieleze mwenyewe, dada. Unaiona ile? Yale mate?" Alinyoosha kidole kuelekea ile njia inayong'aa. "Watu wanajipaka usoni! Makunyanzi yanakwisha! Mwanamke wa rika lako anarudi usichana!"

"Rika langu limekukosea nini?"

"Fursa, dada! Fursa! Konokono hali mshahara, hagomi, hakimbii. Wapi ulipata kuona mfanyakazi wa namna hiyo? Shemeji yangu anatoa kile kiinua mgongo, mimi natoa akili, konokono anatoa mate. Mwaka mmoja tu, tunakaa ghorofani, na lifti anatengeneza mtu mwingine!"

Mzee Sawa alikuwa amekaa wima, mikono juu ya mapaja. Konokono alikuwa amevuka nusu ya uwanda.

Fursa akabadili silaha. Sauti yake ikashuka, ikawa laini kama siagi.

"Shemeji. Sikukumbushi ili kukudai, wewe mtu wangu. Lakini siku ile ulipokuja kwetu kuposa, wajomba walimtaka yule mhasibu. Mhasibu! Mwenye baiskeli! Nani aliyesimama? Mimi. Nani aliyesema, dada yangu ataolewa na huyu wa lifti? Mimi huyu huyu. Leo nakuomba neno moja tu. Utaingia na mimi?"

Sebule ikazizima. Hata kijiko hakikulia. Na katika kimya kile, kutoka pembeni, kwa sauti ya kukwaruza ambayo kila mtu aliijua, likatoka jibu:

"Sawa!"

Fursa aliruka, kiti kikaanguka. "Mmesikia! Mwanamume amesema! Nipe mkono, shemeji, nipe mkono!"

"Ni kasuku huyo!" alipiga kelele Mama Mkasi.

"Sauti ni yake!"

"Ni kasuku, kaka!"

"Dada, usimvunjie mumeo heshima mbele ya mkwe wake! Mtu akishatamka, ametamka!"

Mkono wa Fursa ukaja ukavuka meza, mpana, wenye furaha, ukasimama mbele ya kifua cha Mzee Sawa ukingoja. Naye Mzee Sawa akainua macho akauona uso wa shemeji yake ukiwaka kama taa ya sherehe, akajua kwamba akifungua mdomo taa ile itazimika, na moyo wake ukaanza kulegea kama ulivyolegea siku zote. Mkono wake wa kulia, bila kuulizwa, ukaanza kupanda kutoka kwenye paja.

Hapo binti mdogo akasimama. Hakulia wala hakununa. Alianza tu kukusanya sahani, ingawa watu walikuwa hawajamaliza kula, kama mtu ambaye mjadala wake umekwisha.

Enyi mliowahi kubeba mizigo bandarini, enyi mliowahi kusukuma lori kwenye tope, msiseme mmeona kazi. Mzee Sawa aliukamata mkono wake wa kulia kwa mkono wa kushoto akaurudisha pajani. Akafungua kinywa.

"Ha..."

"Haya!" alishangilia Fursa. "Amesema haya!"

Mzee Sawa akatikisa kichwa. Alifika pale njia panda, jasho likimtiririka kwenye upara, na mguu ukataka kwenda kulekule. Akauvuta kwa nguvu zote.

"Ha... pa..."

"Hapa? Hapa hapa? Utanipa leo leo? Shemeji, wewe ni mfalme!"

Mama Mkasi alikuwa amekamata kitambaa cha meza kwa ngumi zote mbili. Binti mkubwa aliacha kumkanyaga mumewe. Konokono alinyoosha pembe zake kuelekea ukingo wa bakuli. Na yule mtu wa lifti, ambaye maisha yake yote alipandisha wengine, akajipandisha mwenyewe ghorofa ya mwisho.

"...na," alisema.



"Hapana," alisema Mzee Sawa, lote kwa pamoja sasa, akishangaa jinsi lilivyotoka. "Hapana, shemeji. Ile pesa imeshakatwa. Huyu anakwenda chuo. Bati linakwenda juu. Nyingine inakwenda benki na mimi mwenyewe sitaigusa. Ukiwa na njaa, njoo ule. Ukikosa pa kulala, kitanda kipo. Ukitaka mtu wa kukushikia ngazi, niite, hata kwa magoti haya. Lakini pesa ile, hapana."

Uso wa Fursa ukanyauka. Ulinyauka wote, kuanzia paji hadi kidevu, kama alivyoogopa Mzee Sawa siku zote. Naye akautazama, asigeuze macho, na paa halikuanguka. Lilikuwa bovu, lakini halikuanguka.

Binti mdogo alizirudisha sahani mezani, moja moja, akaketi. Akachota wali mwingi kuliko aliokuwa amechota mwanzo.

"Na wewe mkwe," alisema Mzee Sawa, ambaye sasa alikuwa amepata joto kama mshindi anayezunguka uwanja, "tangu uje unakohoa. Ulitaka kusema nini?"

Mwoka mikate alimtazama mkewe, akatazama dari, akameza hotuba yote aliyokuja nayo.

"Chumvi, mzee. Nilitaka mnisogezee chumvi."

"Alitaka gari," alisema binti mkubwa. "Wote tulitaka. Tulidhani baba atasema sawa."

Mama Mkasi alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga. "Gari la nini, wanangu? Mkate unauzwa dirishani hapo hapo unapookwa! Nyie bado mna jora zima. Wekeni kidogo kila mwezi kwa jina la huyu mtoto, msijali ni kidogo kiasi gani. Atakuwa darasani kabla hamjageuka. Gari mtanunua mkishajua mnakwenda wapi."

Fursa hakuwa amesikia lolote. Alikuwa amekiinua kiti chake, ameketi, anamtazama shemeji yake kwa namna ambayo hakuwahi kumtazama.

"Shemeji," alisema hatimaye, na sauti yake haikuwa ya kunguruma tena. "Umelisemaje lile neno?"

"Lipi?"

"Lile la mwisho. Umelisemaje? Mbona mimi haliji?"

Akajieleza, mikono ikiwa juu ya kopo lake tupu. Yule aliyemuuzia konokono alikuwa na tabasamu zuri sana. Konokono walikwisha kutoka kwenye banda. Walikuwa bafuni, walikuwa darini, asubuhi hiyo mmoja alimkuta ndani ya mfuko wa suti. Na kesho yake ulikuwa unaletwa mzigo mwingine, na mwenye tabasamu alikuwa akipiga simu kila mara kuuliza kama uletwe, naye kila mara alijibu ulete.

"Mnadhani mimi ndiye ninayezitafuta hizi fursa," alisema. "Zinanitafuta zenyewe. Mtu akija mlangoni na macho yanayong'aa, nitamfanyaje?"

Mzee Sawa alisimama, akazunguka meza, akamshika bega. Mahasimu wakatoka hadi uani, wakaketi kwenye benchi karibu na kile chumba kisichokwisha, na mchana wote ukasikika mmoja akihema na mwingine akimtia moyo. Nisiwadanganye, wasikilizaji: siku ile Fursa hakuimaliza safari. Alifika "hapa," akakwama. Fundi wake akamwambia inatosha kwa siku ya kwanza, asipokee simu mpaka atakapokuwa tayari.

Mezani, konokono alikuwa ndani ya kabichi. Hakuna aliyemsumbua.

Jioni wageni walipoondoka, mume na mke walisimama jikoni, mmoja akiosha, mwingine akifuta. Mama Mkasi aliisugua sufuria moja kwa muda mrefu kuliko ilivyostahili.

"Nikuambie kitu?" alisema bila kugeuka. "Miaka yote hii nimekuwa na wasiwasi mmoja. Nilidhani ulinioa kwa sababu uliambiwa. Kwamba kaka alisema, wewe ukajibu sawa, kama unavyomjibu kinyozi."

Mzee Sawa aliacha kufuta.

"Mke wangu. Nani aliniambia? Mimi nilikuja mwenyewe. Nilikaa nje ya duka lenu la ushonaji na suruali isiyo na tatizo lolote, nikasema inanibana. Wiki iliyofuata nikasema inanipwaya. Mimi ndiye niliyeomba, wewe ndiye uliyeulizwa."

Mama Mkasi alikumbuka, na sufuria ikatulia mikononi mwake.

"Kweli," alisema. "Na ile suruali ilikuwa imekukaa vizuri."

"Ilikuwa imenikaa vizuri sana."

Basi na ijulikane katika mitaa yote, na wapiga soga waifikishe kwa wapiga soga wenzao, kwamba Jumatatu iliyofuata, jua likiwa bado changa, mtu yule alitoka nyumbani kwake na mkewe pembeni, akapita mbele ya kinyozi, akapita mbele ya wachuuzi, akapita mbele ya duka la viti vya sofa ambalo muuzaji wake alimpungia mkono, asisimame popote, akakiweka kile kipande kikubwa mahali kilipopangiwa. Hakupigiwa tarumbeta. Njiani watu waliendelea kugombania vivuli na kununua vocha. Mlinzi wa mlangoni pa benki alimwambia tu avue kofia, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwa kuwa hakuna aliyemwarifu yule aliyesimama mbele yake ni nani.

Ninyi mmearifiwa.